Picha Niliyopigwa Nimefumba Macho

Kambi ya Mkonge, Tanga
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpenzi,

Kamwene, mama. Umeamkaje? Mgongo wako je, ule uliokuwa unakusumbua kila wakati wa palizi? Baridi imepungua huko, au bado mnaota moto mpaka jua lifike juu? Maharage ya kinyungu, shamba letu la bondeni, yametoka vizuri? Nauliza kinyungu kwa makusudi, na baadaye utajua kwa nini.

Mwalimu, wewe unayemsomea mama barua hii, nakuomba uisome uani, watu wakiwapo, kwa sauti ile ile unayosomea Injili. Usiruke mahali. Najua kaka yangu Alfonsi atakuja kukaa karibu na mlango, kama anavyofanya siku zote barua ikifika, na wewe utaona haya kusoma mbele yake. Usione haya. Yeye hakuona haya.

Kila barua kutoka mbali huanza kwa mtu kusema kwamba ni mzima, wasiwasi wake ni kwa waliobaki nyumbani, na watu huyapitisha maneno hayo sikioni bila kuyasikia. Leo, Mwalimu, yasome mara mbili. Mimi Longino ni mzima. Nakula, nakata mkonge, na juzi nimeng'olewa jino la nyuma nikapiga kelele mpaka mpishi akatoka jikoni. Maiti haiumwi jino, mama.

Sasa nikuhadithie matembezi yangu ya mjini, maana huko ndiko nilikofia.

Nina rafiki hapa kambini, jina lake Kasiani, Mngoni wa Songea. Tunalala chumba kimoja na mistari yetu ya mkonge inapakana. Mngoni kwetu ni nani, huna haja ya kuambiwa. Babu zetu walichinjana, na walipochoka kuchinjana wakaanza kutaniana, na mpaka leo Mngoni akimwona Mhehe humnyang'anya kofia, humtukana, humlilia kama maiti naye amesimama hapo hapo anamtazama. Ukikasirika, wewe ndiye mshamba. Kasiani tangu siku ya kwanza anasema Mhehe akikosa mtu wa kumkasirikia hujikasirikia mwenyewe. Mimi nami namwambia kwamba Wangoni walikuja Songea wakiwa wamepotea njia. Tunapendana sana.

Jumamosi moja tulimaliza kazi mapema, nyapara akaturuhusu tupande lori lililokuwa linapeleka marobota ya mkonge bandarini. Tulikaa juu kabisa, vumbi likitupaka rangi moja, na Kasiani akiwapungia mkono wanawake wote wa njiani kama bwana mkubwa aliyekuja kukagua mashamba.

Mama, Tanga ni mji unaojipenda. Barabara zimenyooka, miti imepandwa mstari mmoja, nyumba ni nyeupe na zina varanda za kukaa tu, si za kuanikia mahindi. Watu hawatembei kwa haraka. Wanaume wazima wamevaa kanzu zilizopigwa pasi, wanakunywa kahawa kwenye vikombe ambavyo kwetu tungempa mtoto achezee, na wanazungumza mpaka kahawa inapoa. Wanawake wakipita, asumini hunukia hata wakiwa wameshakata kona. Na baiskeli! Kila mtu ana baiskeli, na kila baiskeli ina kengele, na kila kengele ilipigwa kwa ajili yetu, maana tulitembea katikati ya barabara kama ng'ombe.

Tulikunywa sharubati yenye barafu. Barafu naijua, huanguka na mvua ikapasua mahindi yetu, lakini sikujua kwamba kuna mahali watu huitolea pesa. Kasiani aliitafuna, akashika shavu, akasema watu wa pwani wamekosa shida ndiyo maana wanazinunua.

Chumba tulipata Ngamiani kwa mama mmoja wa Kidigo anayepangisha wapita njia. Alitusimamisha mlangoni akavuta pumzi, akatuambia kwamba manamba wananuka mkonge uliooza na hatakanyagiwa mkeka wake mpaka tukaoge. Tukaoga. Akatunusa tena, akaturudisha bafuni. Halafu akatupakulia wali wa nazi na samaki, akatuangalia tunavyokula na kuuliza kama huko bara tunakotoka tuliwahi kufunzwa kutafuna. Nilitaka kumjibu, lakini wali ulikuwa mtamu, na yeye alikuwa anatuongezea.

Jioni tulishuka bustanini, upande wa bandari. Kuna viti vya mbao vinavyotazama bahari. Tulikaa, tukanyosha miguu. Mlinzi akaja, mweusi kama sisi, kirungu mkononi, akasema viti hivyo si vya watu wasio na viatu. Nikamwuliza mbona yeye mwenyewe ana kandambili za mpira wa gari. Akanipiga kirungu cha goti. Si kwa nguvu sana, kama mtu anayefukuza kuku. Watu waliokuwa wanapunga upepo walicheka, na mwanamke mmoja mwenye mwavuli alicheka zaidi ya wote. Nilichukia, mama. Niliwachukia wote na nyumba zao nyeupe. Kasiani alinivuta mkono akasema twende tukavae viatu basi, tuwaonyeshe.

Ndivyo tulivyofika kwa Mhindi mpiga picha. Ukutani ana pazia lililochorwa ngazi za mawe na maua, na nyuma ya pazia ana koti, tai, kofia na viatu vya kuazima ukiwa ndani ya duka lake. Koti lilinibana kwapani, viatu vilikuwa vya mguu mmoja na nusu wangu. Kasiani alitaka picha ya peke yake kwanza, mimi nami nikapigwa yangu peke yangu, nimekaa kwenye kiti cha kusuka, mikono magotini. Nilikaza macho kama nilivyoambiwa. Taa ikawaka ghafla, nikafumba.

Jumapili tulikwenda misa, halafu tukatembea polepole mpaka Raskazoni, ambako Wazungu wanaoga baharini na watoto wao wana mafuta mwilini kama mikate. Hatukuruhusiwa kukaribia, tukapita chini kwenye miamba. Tulitia miguu majini. Kasiani alijaza chupa maji ya bahari ampelekee baba yake Songea, kwa sababu mzee haamini kwamba kuna maji mengi kiasi hicho ambayo hayanyweki. Tulikaa pale saa nyingi bila kufanya kitu. Nadhani ndiyo siku ya kwanza maishani mwangu kukaa hivyo mchana kweupe, bila mtu kuniuliza jembe liko wapi. Nilikufikiria wewe, nikatamani uone.

Tuliporudi kuchukua picha, ya Kasiani ilikuwa safi, anacheka kama chifu. Yangu nimefumba macho. Uso umekaza, mdomo umefungwa, tai shingoni, macho yamefumbwa kabisa. Mhindi alikataa kunipiga nyingine, akasema taa yake haina kosa, kosa ni la macho yangu. Kasiani aliishika ile picha, akaketi chini pale pale kizingitini kwa kicheko. Akasema, "Mhehe amekufa amevaa tai. Nani angeamini."

Mwalimu, hapa soma taratibu.

Alasiri hiyo, kwenye uwanja ambako malori ya watu waliomaliza mikataba yao yanaondokea, tulimkuta Yakobo, yule wa ng'ambo ya kijito chetu. Alikuwa anarudi nyumbani. Nilifurahi mno. Nilimfungia mzigo: kanga jozi moja yako, mama, jozi nyingine ya mke wangu Gaudensia, sabuni, na kofia ya Kaka Alfonsi. Juu ya mzigo nikaweka picha, nikasema heri mnione nimefumba macho kuliko msinione. Hapo Kasiani akachota vumbi akajimwagia kichwani. Akaanza kuniomboleza kwa Kingoni, akijipiga kifua, akizunguka lori zima, na madereva wakisimama kutazama. Akamwambia Yakobo, "Mpelekee mama yake. Mwambie tumemzika na koti lake, Mngoni ndiye aliyemfukia, na hakulia."

Yakobo ni Mhehe. Alicheka mpaka akashika tairi asianguke. Mimi nilicheka. Tulicheka wote watatu, lori likaondoka, nasi tukarudi kambini kwa lori la shamba, tumelala juu ya magunia matupu, na nilikuwa mtu mwenye furaha kabisa.

Wiki iliyopita wameletwa vibarua wapya. Mmoja wao ni Pankrasi, jirani yetu anayeezeka nyumba. Aliponiona alisimama mbali, hakunipa mkono. Akasema, "Kamwene, marehemu." Nikadhani naye ameanza utani. Lakini hakucheka, na Mhehe kwa Mhehe hatuna utani huo. Tukakaa nje ya chumba chetu, Kasiani akiwapo, akanieleza yote. Mengine kijiji kizima kiliyajua, mengine aliyasikia mwenyewe. Nayarudisha hapa mbele ya watu, na mwenye kubisha abishe.

Yakobo alipofika barabarani kwetu hakuwa na nafasi, maana lori lilikuwa linaendelea Mbeya na yeye njiani alikuwa amebadili nia, anataka kwenda Makongolosi kujaribu dhahabu. Alikimbia na mzigo mpaka nyumbani. Mama, wewe ulikuwa kinyunguni. Alimkuta Kaka Alfonsi, akampa mzigo, akampa picha, akampa na maneno ya Mngoni pamoja na kicheko chake, akimweleza vizuri kwamba ni utani wa Mngoni, kwamba mimi ni mzima na nimenenepa. Alfonsi alicheka naye. Walipeana mikono. Lori likapiga honi, Yakobo akaondoka.

Jua halijazama, wewe ulikuwa unalia chini.

Kaka Alfonsi, unanisikia? Uliyachukua maneno ukaacha kicheko. Ulimwonyesha mama picha ya mtoto wake amefumba macho, ukamwambia wenye shamba ndio waliompiga picha kabla ya kumfukia, ndiyo desturi ya mjini. Ulimwacha anyolewe nywele. Ulichimba kaburi kando ya baba, mkazika blanketi langu la zamani. Mwalimu, uliongoza sala wewe mwenyewe, nakushukuru, ulilisindikiza blanketi vizuri. Na ile kofia niliyokununulia, kaka, Pankrasi anasema uliivaa siku ya matanga. Ilikutosha? Nilikisia kichwa chako kwa kukumbuka tu.

Kinyungu changu ukakilima. Mkeo alikuwa amekwisha kukimbia kwao, basi mvua hazijaisha ukamchukua Gaudensia, kimya kimya, padre asijue. Hakuna aliyemwuliza anataka nini. Angesema nini, naye ameshikishwa picha ile?

Hayo, mama, ningeyaweza. Ndugu kumgeuka ndugu si jambo geni, na Alfonsi tangu utotoni alikuwa anamaliza nyama yake haraka ili atazame yangu. Kama barua ingeishia hapo ningekuja mwenyewe na panga badala ya kukaa kuandika.

Lakini Pankrasi aliendelea. Akasema Yakobo alirudi kutoka Makongolosi mikono mitupu, akapita kwetu, akaona kaburi lenye msalaba na jina langu. Alicheka, mama. Alifikiri mmeupokea utani wa Mngoni na kumrudishia mkubwa zaidi. Halafu akamwona Gaudensia anatoka nyumbani kwa Alfonsi na ndoo, tumbo mbele, na kicheko kikamkauka. Akaja kwako uani. Wewe ulikuwa unachambua maharage. Pankrasi alikuwa pembeni na kibuyu chake cha pombe ya ulanzi, ulikuwa umemsahau. Yakobo akakueleza yote, tangu uwanja wa malori mpaka kofia.

Ulimwuliza, "Umemwona kwa macho yako?" Akasema ndiyo. Ukamwuliza kama nimekonda. Akasema sijakonda. Halafu ukasema hivi, na Pankrasi amenirudia maneno hayo mara nyingi kwa kuwa sikukubali kuyaamini: "Yakobo mwanangu, huyo mimi nilishamlilia. Machozi mengine sina. Na huyu mwanamke tumbo limeshaonekana. Mwache huko huko, na wewe unyamaze." Ukaendelea na maharage.

Nilipoyasikia nilicheka. Sijui kwa nini, kilichotoka kilikuwa kicheko. Aliyelia ni Kasiani. Mtani halii, mama, mtani kazi yake ni kucheka hata kaburini, lakini Mngoni yule alilia kamasi zikimtoka, akaomba nimpige. Siwezi kumpiga. Hata kumkasirikia siwezi, mila imenifunga mikono. Akasema, "Mimi ndiye niliyekuua, mimi nitakwenda kukufufua. Nitasimama uani kwenu nitoe vumbi nililomwaga." Nikamwambia akae. Utani wake uliniua kwa muda wa kucheka tu. Walioniua kweli hawakuwa wanatania.

Nimekukasirikia, mama. Neno hili naliandika kama lilivyo. Najua Alfonsi ndiye anayekulimia na kukuchotea maji na kukubeba hospitali mgongo ukikaza, na mimi niko huku nahesabiwa pamoja na marobota. Najua ungesema ukweli ungepoteza mtoto wa karibu kwa ajili ya mtoto wa mbali, na mjukuu juu yake. Naelewa yote hayo. Hasira haikupungua hata kidogo kwa kuelewa. Ulipouliza kama nimekonda, hapo ndipo ulinimaliza, kwa sababu ulikuwa bado mama yangu, kisha ukasema niachwe huku.

Sasa salamu. Msalimie shangazi aliyenibeba mgongoni, mwambie nywele alizonyoa zitaota tena. Msalimie mjomba wa Ifunda aliyetoa mbuzi wa matanga yangu, nasikia alikuwa mnono. Msalimie Yakobo, mwambie hana kosa, tena alijaribu. Msalimie Gaudensia. Sijui nimwite mke au shemeji, ajichagulie, sitamgombania wala kumgusa yeye na mzigo alio nao. Kanga avae, nilimnunulia yeye. Msalimie kaka yangu Alfonsi, mwenye kofia.

Mkataba wangu unakwisha mvua zikianza. Lori litapita Iringa. Naweza kushuka pale barabarani kwetu, au nikapitiliza mpaka Mbeya, ambako hakuna mtu aliyenizika. Kinyungu simdai mtu. Nyumba nitajenga nyingine. Nataka jambo moja, na nalitaka kwako peke yako. Mwalimu akimaliza kusoma, wewe simama hapo uani mbele yao wote, mbele ya Alfonsi, useme kwa kinywa chako kwamba mwanao Longino yu hai. Basi. Mwalimu, utaniandikia kama amesema au hakusema. Usinitilie maneno ya kunifariji, ukisahihisha kidogo tu nitajua, maana nazijua sala zako.

Na kuna hili la mwisho. Pankrasi ameniambia kwamba mtoto akizaliwa wa kiume mmekubaliana kumpa jina langu, ili lisipotee. Mama, mtafutieni jina jingine. Hili bado nalitumia.

Mwanao,
Longino